Siku Tisa Nyuma ya Mawe ya Waolmeki

Vichwa vikubwa vya mawe vya Waolmeki, watu wa kale wa Meksiko, vinavyojulikana ni 17. Kumi vilitoka San Lorenzo, vinne La Venta, viwili Tres Zapotes na kimoja La Cobata, nyanda za kusini mwa Ghuba ya Meksiko, katika majimbo ya Veracruz na Tabasco. Leo vimetawanyika katika miji na vijiji sita, na vyote 17 vinaonekana kwa basi na teksi ndani ya siku tisa. Kumbukumbu hizi zimepangwa baada ya kurudi nyumbani, kutokana na picha za simu na daftari ambalo kurasa zake za katikati zililowa mvua.

Tulikwenda Februari. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ya Veracruz hugeuza barabara za vijijini kuwa tope, na kule ndiko kuliko na mambo. Februari nayo ina upepo wake, unaoitwa norte, unaoshuka kutoka kaskazini na baridi na manyunyu ya siku mbili tatu. Beba koti la mvua hata kama mchana unachoma.

Kwa wenye pasipoti za Kenya au Tanzania: Meksiko inataka viza, ila kwa kawaida mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen huruhusiwa kuingia bila ya pili. Hakikisha ubalozini kabla ya kukata tiketi.

SIKU YA 1, JUMANNE: MEXICO CITY

Tulianza Jumanne kwa sababu makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia yako kwenye bustani ya Chapultepec, na nje kando ya barabara kuu limesimama jiwe linaloitwa Tlaloc, mungu wa mvua. Uzito wake ni kama tani 168. Lililetwa kutoka kijiji cha Coatlinchan tarehe 16 Aprili 1964 juu ya trela iliyotengenezwa kwa ajili yake, baada ya wanakijiji kupinga na kuiharibu trela. Usiku lilipoingia mjini ilinyesha mvua kubwa nje ya msimu, na wenyeji bado wanaisimulia. Simama hapo dakika kumi kabla ya kuingia. Mwaka 1964 kulikuwa na chuma, injini na barabara ya lami. Waolmeki walisogeza mawe ya tani 20 na zaidi bila gurudumu la kubebea mizigo, bila ng'ombe wala punda, bila chuma hata kipande.

Ndani, nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa Ghuba na bustani yake. Hapa vipo vichwa viwili vya San Lorenzo, namba 2 na namba 6. Namba 6 kina urefu wa mita 2.35. Kofia yake inayobana kichwa imechongwa mfano wa wavu. Ukiinama usawa wa shavu utaona jiwe si laini kama linavyoonekana kwa mbali: lina vijishimo vidogo mno, vilivyosongamana. Hivyo ndivyo basalti, jiwe gumu la volkano, ilivyochongwa. Mchongaji hakukata, aligongagonga. Alishika jiwe gumu la saizi ya ngumi akapiga mahali pamoja mpaka chembe za madini zikasagika kuwa vumbi, akapangusa, akapiga tena. Baada ya umbo kutoka, sehemu za kulainishwa zilisuguliwa kwa mchanga na maji. Pembe za mdomo na tundu za pua zilitobolewa kwa kijiti cha kuzungusha, na kilichokula jiwe ni mchanga uliowekwa chini yake. Kosa moja la pigo halirekebishiki, kwa hiyo uso ulishuka milimita kwa milimita.

Namba 2 kimejaa mabonde ya mviringo usoni na juu ya kofia. Si uchakavu wa hali ya hewa. Mtu aliyasaga kwa makusudi. Kikumbuke hiki, tutakirudia Xalapa.

Ushauri wa picha: mwako wa kamera na stendi ya kamera ya miguu mitatu haviruhusiwi, na havihitajiki. Punguza mwanga kwenye simu, simama ambapo mwanga unaingia kwa ubavu, ndipo mistari itajitokeza. Picha ya moja kwa moja usoni hukifanya kila kichwa kifanane na kingine, na hilo ni uongo.

Idadi hadi jioni: vichwa 2.

SIKU YA 2, JUMATANO: BARABARANI

Kutoka stendi ya TAPO hadi Xalapa ni saa tano kasoro. Baridi, misonobari, ukungu, usingizi. Kahawa ya Coatepec jioni ilifidia yote.

SIKU YA 3, ALHAMISI: XALAPA

Kama una nafasi ya sehemu moja tu maishani, iwe Makumbusho ya Anthropolojia ya Xalapa. Jengo la sasa lilifunguliwa 1986, refu, limejengwa kwa ngazi zinazoshuka mtelemko, na bustani zikipishana na kumbi. Vichwa saba vya San Lorenzo viko hapa: 1, 3, 4, 5, 7, 8 na 9.

Cha kwanza kukutana nacho ni namba 1, mita 2.84, zaidi ya tani 25. Matthew Stirling wa Taasisi ya Smithsonian alionyeshwa jicho lake mwaka 1945. Lilikuwa limejitokeza kwenye njia ya miguu na watu wakilikanyaga. Namba 8 ni kimojawapo cha vilivyohifadhika vizuri zaidi. Nakala zake zimepelekwa nje ya Meksiko, na ndugu zetu walioko Marekani wanaweza kuikuta moja mbele ya Field Museum huko Chicago. Namba 9 ni kifupi, mita 1.65, na kinatabasamu. Namba 5 kina makucha ya chui wa Amerika juu ya paji la uso. Hakuna kofia mbili zenye alama moja wala nyuso mbili zinazolingana, na ndiyo maana wataalamu wanavisoma kama sura za watawala waliowahi kuishi.

Tulikaa zaidi ya saa moja kwa namba 7. Zunguka upande wake. Kuna mbonyeo wa nusu duara usiohusiana na sikio wala shavu. Ni mabaki ya kishubaka. Mwaka 1989 James Porter alieleza maana yake: jiwe hili lilikuwa kiti cha enzi kabla ya kuwa kichwa. Viti vya enzi vya Waolmeki ni matofali makubwa ya basalti yenye kishubaka mbele na mtu ameketi ndani yake. Kisimamishe kimoja kwa ubavu, ondoa pembe, na tayari una umbo la kichwa chenye kisogo bapa. Vichwa vingi visogo vyao ni bapa. Na kile namba 2 cha Mexico City nacho kina dalili za asili hiyohiyo. Jiwe kubwa halikupatikana kirahisi. Alipokufa mtawala, kiti chake kingeweza kugeuzwa kuwa uso wake.

Ili picha hiyo ikamilike, tazama kiti cha enzi cha San Lorenzo, kinachoorodheshwa kama Monument 14, humu humu, upana wake karibu mita nne. Zamani vitu hivi viliitwa madhabahu. David Grove ndiye aliyebadilisha usomaji huo katika miaka ya 1970, baada ya kuona mchoro wa pango la Oxtotitlan, jimbo la Guerrero, unaoonyesha mtu ameketi juu ya kitu cha aina hiyo.

Usitoke bila kuwaona pacha wa El Azuzul, vijana wawili waliopiga magoti, waliochimbuliwa 1987 karibu na San Lorenzo, wakielekea kwa chui wa jiwe kama walivyokutwa. Wala Bwana wa Las Limas, sanamu ya jiwe la kijani yenye urefu wa sentimita 55 tu. Watoto wawili waliiokota 1965, ikaibwa makumbushoni 1970, ikaja kupatikana Texas.

Mlinzi mmoja, mama wa makamo, alipoona tunainama kila upande wa namba 7, alituita na kutuonyesha pa kusimama: hatua tatu nyuma ya bega la kushoto la kichwa, saa tano asubuhi, jua linapopita kwenye kioo cha bustani. Alisema kweli. Kivuli kilijaza kishubaka kama wino.

Idadi: 9.

SIKU YA 4, IJUMAA: XALAPA HADI SANTIAGO TUXTLA

Saa mbili hadi bandari ya Veracruz, tukabadilisha basi. Mkahawani kahawa huletwa nzito kwenye glasi. Ukigonga glasi kwa kijiko, mhudumu anakuja na birika la maziwa ya moto na kumimina kutoka juu. Veracruz hadi Santiago Tuxtla ni saa tatu kwenye karatasi. Ilituchukua tano na nusu. Februari ni msimu wa kukata miwa, na malori yaliyofurika miwa hutambaa kwenye barabara ya njia mbili hadi viwandani. Moja lilikuwa limemwaga mzigo wote. Abiria wa kiti cha nyuma, bibi aliyekuwa anatoka kliniki, alifungua kikapu akagawa machungwa na tamale za jani la mgomba kwa safu nzima. Alikataa pesa.

Tulifika taa zikiwaka. Kichwa cha La Cobata kiko kwenye uwanja wa mji, hakina lango wala tiketi: mita 3.4 kwenda juu, mita 3 upana, karibu tani 40. Ndicho kikubwa kuliko vyote na ndicho pekee kilichofumba macho. Kilikutwa 1970 kwenye mtelemko wa Cerro El Vigía, karibu na chanzo cha mawe yenyewe. Uchongaji wake ni mzito, mistari michache. Ama hakikumalizika au kiliachwa vile kwa nia. Macho yale yaliyofumbwa yanatufanya tuegemee la pili.

SIKU YA 5, JUMAMOSI: TRES ZAPOTES

Asubuhi, makumbusho madogo ya Museo Tuxteco pale pale uwanjani yana kichwa cha pili cha Tres Zapotes, mita 1.45. Kisha teksi za kuchangia hadi kijijini; sisi tulilipa peso 50 kwa mtu. Huondoka zikijaa, na baada ya saa nane mchana hupungua sana. Nenda asubuhi.

Makumbusho ya Tres Zapotes ni banda la wazi lenye kichwa kimoja katikati, mita 1.47. Hiki ndicho kilichoanza yote. Mwishoni mwa miaka ya 1850 kibarua wa shamba alidhani amepata kitako cha sufuria kubwa lililofukiwa. José María Melgar alikiona 1862, akaandika 1869 kwamba sura ni ya Mwethiopia, maana yake wakati huo Mwafrika. Kutoka hapo likazaliwa dai ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili mmelisikia: kwamba vichwa hivi vilichongwa na Waafrika waliovuka bahari.

Tuliweke wazi. Zaidi ya miaka 80 ya uchimbaji haijatoa chombo, mfupa wala zao la Afrika kwenye tabaka za Waolmeki. Pua pana na midomo minene unazikuta leo kwenye teksi ya kuelekea kijijini, kwa watu wa asili wa milima hii. Na mchongaji alikuwa na sababu yake: mawe haya kwa asili yalikuwa ya mviringo, na pua iliyochomoza ingedai kuondoa tani za jiwe kuizunguka, kisha ingevunjika njiani. Kuwapokonya Waolmeki kazi yao ni dhuluma ileile ambayo sisi tulifanyiwa walipodai Great Zimbabwe ilijengwa na wageni. Anayetaka historia ya kweli ya Waafrika hapa Veracruz aende mji wa Yanga, karibu na Córdoba, wenye jina la kiongozi wa watumwa waliotoroka na kulazimisha Wahispania kuutambua mji wao huru mwanzoni mwa karne ya 17.

Ukutani kuna kipande cha juu cha Nguzo C, jiwe la wima lililochongwa tarehe ya kalenda ya kale kwa mistari na nukta. Stirling alipata cha chini Januari 1939, kikiwa na tarehe iliyokosa tarakimu ya kwanza. Alikadiria ni 7, yaani mwaka 32 KK, na wengi hawakukubali. Miaka 30 hivi baadaye kipande cha juu kikapatikana, na tarakimu ilikuwa 7: mstari mmoja, yaani tano, na nukta mbili. Weka kidole hewani, hesabu mwenyewe.

Idadi: 12.

SIKU YA 6, JUMAPILI: SAN LORENZO

Hii ndiyo siku ngumu na ndiyo iliyotupa maana ya safari. Tulilala Acayucan, tukakodi teksi siku nzima kwa peso 1,200, tukapita Texistepec. Norte ilikuwa imepiga usiku. Kilomita za mwisho gari liliteleza hadi dereva akasema basi. Mkulima mwenye pikapu ya madumu ya maziwa alituchukua hadi mwisho. Alichoomba ni tumshikie madumu kwenye mabonde.

Panda juu ya uwanda. Hakuna hekalu la jiwe, hakuna ukuta, ni malisho na ng'ombe. Chini, mto na vinamasi hadi upeo wa macho. Sasa tafuta jiwe. Hulipati hata la kumrushia mbwa. Udongo mtupu, na sehemu ya uwanda wenyewe ni udongo uliobebwa kwa vikapu. Milima ya Tuxtla iko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi. Kila kichwa, kila kiti cha enzi, na hata mfereji wa maji wa karibu mita 170 uliotengenezwa kwa vipande vya basalti vyenye umbo la herufi U na vifuniko vyake, vilitoka kule.

Fanya hesabu hapo hapo. Jiwe la tani 25 juu ya machela ya magogo, kwenye ardhi iliyolowanishwa kidogo, linadai mvuto wa takribani tani 10. Mtu mmoja akivuta kilo 30 kwa mfululizo, unahitaji zaidi ya watu 330 kwenye kamba, bila kuhesabu wa kutandika magogo, wa kusuka kamba na wa kupika. Kiangazi ardhi ni ngumu lakini mito ina kina kidogo kwa chelezo; masika mto umejaa lakini tope linameza machela. Watafiti wanabishana kati ya njia ya maji na ya nchi kavu, na ukisimama pale unaelewa kwa nini: kila moja ina msimu wake wa kushindwa. Haya yalifanyika kabla ya mwaka 900 KK.

Makumbusho ya kijiji yalikuwa yamefungwa. Mlinzi yuko chakula cha mchana. Mtoto wa duka la jirani alikimbia kuleta ufunguo, na mlinzi akaja nyuma yake bado anafuta mdomo. Ndani kuna kichwa namba 10, kilichopatikana 1994 wakati wa kazi ya Ann Cyphers wa chuo kikuu cha taifa, UNAM. Ndicho pekee kati ya kumi kilichobaki nyumbani. Acha mchango kwenye kisanduku, na nunua soda dukani kwa yule mtoto.

Idadi: 13.

SIKU YA 7, JUMATATU

Kila mahali pamefungwa. Basi hadi Coatzacoalcos, viatu vikaanikwa.

SIKU YA 8, JUMANNE: LA VENTA

Chini ya saa moja kwa basi, kisha miguu. La Venta ilishika nafasi San Lorenzo ilipodhoofika, kati ya mwaka 900 na 400 KK. Piramidi yake ni kilima cha udongo cha mita 30 na ushee. Sanamu unazoziona uwanjani ni nakala. Za asili zilihamishwa katika miaka ya 1950 wakati uchimbaji wa mafuta ulipokuwa unakula eneo. Usikate tamaa kwa hilo. Nakala zinakuonyesha nafasi, ambayo Villahermosa haikuonyeshi: vichwa vitatu mstari mmoja upande wa kaskazini, kimoja kusini, viti vya enzi karibu na piramidi. Chora ramani kwenye karatasi uende nayo kesho. Hapa umbali na Tuxtla ni kama kilomita 100.

Joto lilikuwa kali. Mama mmoja langoni anauza pozol, unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa ukikorogwa na kakao na maji baridi. Ni binamu wa togwa, na hushibisha hadi jioni.

SIKU YA 9, JUMATANO: VILLAHERMOSA

Parque-Museo La Venta lilifunguliwa 1958 na mshairi Carlos Pellicer, aliyezipanga sanamu msituni kando ya ziwa. Vichwa 1, 3 na 4 viko hapa. Nenda lango linapofunguliwa. Mbu wanaamka saa nne, na dawa ya kujipaka ni lazima. Uzuri wa mahali hauna mfano, lakini unyevu, kuvu na majani yanayoanguka vinakula jiwe kila siku. Mwaka 2009 watu walimwaga maji ya chumvi, juisi ya zabibu na mafuta juu ya sanamu zaidi ya 20 kwa tambiko lao, na usafishaji ulikuwa wa kubahatisha kwa sababu basalti ina vinyweleo na hunyonya. Usiguse. Sisi tungependa ziingizwe ndani, na nakala zibaki mitini.

Mwisho wa njia ni kiti cha enzi namba 4. Mtu ameinama akitoka kwenye kishubaka, miguu imekunjwa, mkono mmoja umeshika kamba nene. Fuata kamba kwa macho: inapita chini ya ukingo, inakata kona, na ubavuni inamfikia mtu mwingine, kwenye kifundo cha mkono. Wapo wanaosema mateka, wapo wanaosema ndugu wa ukoo. Ule mtindo wa kusuka umegongwa kwa uangalifu hadi kwenye kona, mahali ambapo aliyeketi juu wala mgeni aliyesimama mbele asingeona.

Kichwa cha 17, namba 2 cha La Venta, kiko kwenye makumbusho ya mkoa yenye jina la Pellicer, kando ya mto Grijalva, safari fupi ya teksi. Kwa chakula cha mwisho, agiza pejelagarto, samaki mwenye mdomo kama wa mamba, aliyechomwa mzima juu ya makaa na kuliwa na ndimu na pilipili ndogo.